Alder au Toller

Marlys mwanangu,

Viazi na nyama ya kusaga viko ndani ya oveni, vipasheni moto tu. Mbwa ameshakula, asiwadanganye kwa macho yake. Bomba la bafuni linavuja tena, mwambie mumeo.

Nimechukua gari, narudi kwangu Toller. Msinipigie simu njia nzima.

Asubuhi mlikaa mkinichagulia mji wa kuishi kana kwamba sipo. Alder kuna hospitali, Alder ni karibu na kwenu. Mumeo akasema jimbo zima la Nebraska hakuna mji uliokufa kama Toller. "Mzee atazoea tu!" Na mimi nimeshika kikombe mbele yake. Hata kahawa hamkuniongezea.

Sawa, Alder ni pazuri. Lakini Jumapili tulipopita, hakuna dereva hata mmoja aliyeninyanyulia kidole cha salamu kutoka kwenye usukani. Toller hata nisiyemjua hunisalimu hivyo, nami humjibu, na siku hiyo siioni ya upweke.

~~Basi nitahamia Alder, mradi mfurahi.~~

Hapana, sihamii. Tulipomzika mama yako tulichonga majina mawili kwenye jiwe moja la kaburi, lake na langu, kama wenzetu wote wa Toller. Langu liko kando ya lake, na mwaka niliozaliwa, kisha kistari, kisha nafasi tupu inayosubiri mwaka wa pili. Halafu unasema Toller sina mtu!

Takataka zitolewe leo.

Ni mimi baba yako, niliyekuwa pale pale mezani.