Muti wa Bahari Umeota Kabambare

Kabambare, Jumapili asubuhi

Mudogo wangu Nathanaël,

Huku tuko wazima, na mimi nacheka peke yangu. Ile mbegu ya mukoko, muti wa bahari, uliyotuma toka Muanda, kule pwani, niliipanda mu akwariumu niliyounga na vioo vya dirisha, mu maji ya chumvi. Mama akaona napoteza chumvi: akachota yale maji, akapikia sombe, majani ya muhogo! Tulikula mpaka kulamba vidole, halafu nikatia maji na chumvi ingine mu akwariumu.

Siku uligombana na mama uliapa utarudi wakati muti wa bahari utaota Kabambare, huku kusiko na bahari. Miaka sita hakutaja jina lako. Halafu mbegu ukatuma wewe mwenyewe!

Leo mama amehesabu majani manne ku ule muti. Ameenda kufua mashuka ya kitanda chako.

Dada yako,
Apolline