Mikoko Niliyoikata kwa Ujuzi wa Kahawa

Wabwile,
kwa hisani ya duka la Ishwar,
Sanduku la Posta 61,
Kitale.
11 Machi 1951

Mpendwa dada yangu Wilkista,

Pokea salamu zangu kabla sijagusa neno jingine. Hujambo? Shemeji Festus hajambo na garimoshi lake? Watoto wamezoea joto la Changamwe, au bado wanalia na mbu? Sisi huku Kamukuywa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti lake bado linamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Jumapili iliyopita alimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri marefu huwatesa wazee kuliko dhambi.

Mvua haijafika. Tumelima mara ya pili na Edah ameshachambua mbegu za mahindi, ziko kwenye debe juu ya dari. Jentrix ameingia darasa la tatu, na sasa anasahihisha maandishi yangu. Ukiona mahali pamefutwa katika barua hii, ujue ni yeye. Hapa chini nitaandika peke yangu.

Barua yako ya Februari nilipewa na Ishwar mwenyewe, yule Mhindi mwenye duka la vyuma karibu na stesheni ya Kitale. Niliifungua palepale nikiegemea mapipa ya misumari. Umeandika kwamba ulipita kwenye ule mkono wa bahari tuliousafisha, ukaona visiki vya mikoko vimekauka vyote, havina chipukizi hata moja. Tena umeandika kwamba Bi Mwatime anakuuliza habari zangu kila mkionana, na kwamba anawaambia wenzake yule kijana wa bara hana kosa, alilazimishwa na kampuni. Habari ya visiki iliniumiza. Hiyo ya Bi Mwatime iliniumiza zaidi.

Mengine unayajua, lakini acha niyaandike tangu mwanzo. Nataka yawe kwenye karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, ili nisije nikayageuza nikizeeka.

Unakumbuka ilikuwa Novemba. Tishari la kampuni, lile dude la chuma lisilo na injini linalokokotwa na boti, lilikuwa limebeba mafuta mazito ya meli. Lilipanda mwamba likatoboka, na maji yalipojaa yakayabeba mafuta mpaka ndani kabisa, mikokoni, pale Bi Mwatime na akina mama wenzake wanapookota kaa na chaza. Hilo ndilo shamba lao. Mimi sikulielewa neno hilo wakati ule.

Kampuni haikulala. Sitaisingizia, nimeshasingizia ya kutosha. Siku chache tu baadaye bwana mmoja wa kampuni aliteremka Kitale kutafuta mabua makavu ya ngano, kwa kuwa mabua hunywa mafuta na kuyaacha maji. Mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha kwenye mashamba ya Wazungu. Lori la Ishwar lilipeleka robota stesheni mchana kutwa, mabehewa kumi na manne yakajaa. Kisha yule bwana akauliza kama kuna nyapara anayejua kuongoza watu wenye mapanga. Ishwar akanitaja mimi, kwamba nimekata kahawa miaka tisa katika shamba la Mzungu na hakuna mkono kama wangu Trans Nzoia nzima. Dada, unanijua. Nilivimba kama andazi.

Nikachagua watu kumi na mmoja, na shemeji yangu Wekoye, kaka yake Edah, akiwa wa kwanza. Tulipofika pwani Wekoye alisimama akayatazama maji kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Na haya maji yote, bana, ni ya kunywesha ng'ombe wa nani?" Tulicheka mpaka tukasahau harufu. Maana ile harufu ilikuwa ya kutoboa kichwa.

Kwenye mchanga mabua yalifanya kazi nzuri sana. Tuliyatandaza, yakalewa mafuta, tukayakusanya kwa uma na kuyachoma mbali. Kampuni ikawapa akina mama posho ya unga, maharagwe na sukari kila Jumamosi, na ikasema itaendelea kuwapa mpaka pwani ipone. Lakini kwenye mikoko mabua yalishindwa. Ile miti ina mizizi mingi iliyopinda hewani kama vidole vya mtu anayekanda ugali, na kila kidole kilikuwa kimepakwa mafuta meusi. Tulifuta kwa magunia mzizi mmoja mmoja. Kutwa nzima watu kumi na wawili walimaliza miti sita.

Hapo yule bwana akasema wakubwa wa serikali watakuja kukagua baada ya siku kumi. Alikuwa na wasiwasi, ndiyo, lakini hakusema tukate. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nilimweleza kwamba mbuni ukizeeka au ukishikwa na ugonjwa, unaukata kwa msumeno usawa wa goti, na mvua ikinyesha unachipua upya, machipukizi matano sita, unachagua mawili yenye nguvu, na baada ya miaka miwili unachuma kuliko zamani. Nikamwambia mti ni mti. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara zote mbili nikasema ninayo.

Bi Mwatime alikuja siku ya pili ya kukata. Alitembea kwenye tope bila kuzama, sijui kwa ufundi gani, akanishika mkono wenye panga. Akasema, "Mwanangu, huu si mti wa shamba. Mkoko ukikatwa kichwa hauchipui, hufa. Ngojeni. Maji yatajaa na kupwa, mafuta yatatoka yenyewe polepole." Akanionyesha hata watoto wa mkoko, miche mirefu mfano wa maharagwe inayoning'inia kwa mama yake mpaka masika, ndipo inajiangusha topeni na kushika mizizi. Alinifundisha bure, mtu wa makamo ya mama yetu. Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mama, kila mtu na kazi yake."

Tukakata siku saba. Kuuliza si ujinga, hata akina Jentrix wanaliimba darasani, lakini mimi niliambiwa kabla ya kuuliza na bado sikusikia.

Wakubwa walikuja, wakakuta pwani nyeupe na visiki vilivyopangana sawasawa kama shamba la mfano. Walimpa mkono yule bwana. Nami nikapewa barua yenye muhuri kwamba ni mtu mwenye ujuzi na wa kuaminika. Walipoondoka, Bi Mwatime alikuwa amesimama ukingoni na kikapu kitupu kichwani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nani kasema ikatwe?"

Nikamjibu, "Ni amri ya kampuni, mama. Sisi tunatumwa tu."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Hakuna aliyenishikia rungu, hakuna aliyenitisha, maneno yalitoka yenyewe kama mtu anayepiga chafya. Yeye akashusha pumzi, akasema, "Basi pole, mwanangu. Mjumbe hauawi." Halafu akaenda nyumbani kwake akarudi na kipande cha papa mkavu, akanipa niwaletee watoto. Tulikila hapa siku ya Krismasi, dada. Jentrix aliomba kingine.

Tangu nirudi nimekuwa mtu mkubwa hapa. Ile barua yenye muhuri imesomwa kanisani, imesomwa kwa chifu, imesomwa hata na watu wasiojua kusoma, wanaishika tu na kutikisa kichwa. Sasa wiki moja baada ya barua yako, kampuni nayo imeniandikia. Wanataka niweke jina langu kwenye karatasi, kama nyapara niliyeongoza kazi, kwamba mikoko ilikatwa kwa ujuzi na kwamba itachipuka. Nikitia jina, shauri la mafuta hayo mbele ya serikali litafungwa na posho ya akina mama itakoma mwisho wa mwezi huu. Nasi watu kumi na wawili tutaitwa kazi ya kudumu bandarini, na nyumba juu, mimi nikiwa nyapara mkuu.

Nilikaa na karatasi ile siku tatu. Nilijaribu kujidanganya kwamba labda mikoko huchelewa kuliko kahawa. Lakini kazi hii naijua. Kisiki kisichoonyesha jicho la chipukizi miezi mitatu ni kuni. Nikaenda nyuma ya nyumba nikavitazama visiki vyetu vya kahawa nilivyokata wakati ule ulipokuwa hapa likizo. Vimejaa majani. Edah akanikuta pale, akaniuliza, "Kahawa ulikuwa unaijua. Hiyo miti ya chumvi nani alikufundisha?" Hakungoja nijibu. Alikuwa na chungu motoni.

Wekoye niliposema sitatia jina, alirusha kofia chini. "Ati unakataa? Sisi watu kumi na moja tutakula hilo jina rako zuri? Hao wamama ni ndugu zako? Si kampuni yenyewe ndiyo imeomba?" Nilimwambia posho ya watoto wao itakatwa kwa jina langu, naye akasema na watoto wake pia wana matumbo. Ni kweli wanayo. Alisema mengine ambayo siwezi kuyaandika juu ya kaka wa mke wangu. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa, na wale wengine wananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Mama pekee ndiye aliyefurahi, naye furaha yake ni kunigombeza. Kosa la kukata anasema ni la mkono. La kumwongopea mama wa watu, hilo amesema atanisamehe akishafufuka.

Siwalaumu wenzangu. Nimewanyima kazi kwa kosa ambalo wao walilifanya kwa kunitii mimi. Ikiwa kuna siku nitaweza kuwafidia sijui, na linaniuma kila ninapopita nyumbani kwa Wekoye nikaona mlango umefungwa.

Ijumaa nilikwenda Kitale nikaandika jibu juu ya kaunta ya Ishwar. Niliandika kwamba shauri la kukata lilikuwa langu, kwamba nilionywa na mwenyeji nikapuuza, kwamba miti imekufa, na kwamba akina mama wapewe posho mpaka mikoko mipya itakapoanza kushika chaza. Ishwar aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nimelewa. Nikamwambia sinywi. Akanitilia stempu. Nilituma jibu hilo kabla ya kukuandikia wewe, kwa makusudi, maana wewe una huruma na ungenitafutia njia ya katikati. Kama kampuni watanisikiliza sijui. Wao walitaka pwani ionekane safi, mimi nikawaonyesha jinsi, na ni vigumu kumrudisha mtu kwenye uchafu aliokwisha kuuaga.

Sasa nina ombi. Nakuja huko mwisho wa mwezi huu, nikae nanyi mpaka masika yakolee na miche ianze kuanguka, niipande pale penye visiki. Najua unapiga kelele sasa hivi, kwamba ni mwanaume gani anaacha shamba wakati wa kupanda. Nami nimepiga kelele hiyohiyo. Edah atapanda na watoto, na nusu ya juu itabaki bila mbegu mwaka huu, hakuna namna. Nilipomwambia alisafisha sufuria ile ile mara mbili, kisha akasema, "Enda. Lakini usirudi na cheo kingine." Mimi nitalala kwenye mkeka jikoni kwako, usimsumbue Festus kutafuta kitanda.

Lakini kabla sijafika, nenda kwa Bi Mwatime. Usiende na soda wala maneno ya kuzunguka. Mwambie hapakuwa na amri ya kampuni. Mwambie ni mimi niliyetoa shauri la kukata, mimi niliyemcheka, na nilipomwambia tunatumwa tu nilijua ninasema uongo. Mwambie na habari ya papa, kwamba tulikula. Usinisafishe hata kidogo, dada, nakuomba. Kama hataki kuniona, uje uniambie palepale stesheni, nami nitapanda garimoshi la kurudi bila kumlaumu. Na kama atakubali nije lakini akasema nisipande hata mche mmoja, basi nitakaa tu ukingoni nimbebee kikapu, kwa sababu safari hii nitamwuliza kwanza.

Msalimie sana shemeji Festus, na watoto wote kwa majina yao. Mama anakusalimu na anasema umletee mkeka wa huko, wa rangi mbili. Edah na Jentrix wanakukumbatia. Mungu awalinde na homa na ajali za reli, awape kula na moyo wa kulala.

Ni mimi, kaka yako akupendaye na anayeona haya,

Wabwile