Kikapu cha Kupigia Picha

Mpendwa Shangazi,

Nisaidie, nimebanwa pande zote. Mimi ni kibarua wa ujenzi, niko mbali na kwetu, niliumia mgongo nikibeba saruji na tangu hapo naishi kwa posho ya ustawi wa jamii, yaani mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi ili tumbo lidanganyike, sasa daktari kasema nina kisukari, nile mboga na samaki, nikamuuliza dawa hiyo inatolewa dirisha gani, akacheka, akanipeleka darasa la lishe bora. Huko afisa lishe akaipenda sura yangu, akanishikisha kikapu kimejaa mapapai, mboga na samaki, akasema, "Tabasamu, baba, hiyo ndiyo afya," nikapigwa picha, kikapu kikarudishwa dukani, nikabaki na harufu ya samaki mikononi. Picha imebandikwa ofisi ya ustawi, na karani wa posho kaniita.

"Mzee wa mapapai, unanishinda kula mimi mwenye mshahara. Posho ya nini?"

"Kikapu si changu, mwanangu."

"Na tabasamu lile la nani?"

Mwisho wa mwezi anaikata posho. Tena afisa lishe ananitaka kwa picha ya pili, eti nimepungua vizuri, darasa limefanya kazi, kumbe ni njaa. Niende au nikatae?

Mbeba Saruji

Shangazi anajibu: Pole, kaka. Ila na wewe umezidi upole: mtu mzima unakabidhiwa samaki, unamshika kama mtoto wa jirani, kisha unamrudisha salama. Mkono mtupu haulambwi, na wako ulibaki na harufu tu.

Nenda, lakini usipigwe picha kwanza. Sura yako ndiyo wanayoitaka, basi iuze. Mchukue afisa lishe mpaka kwa karani, aseme kwa kinywa chake kikapu kilikuwa cha duka. Akisita, atafute mwembamba mwingine. Nyumbani acha sukari leo hii, hiyo haikudanganyi tumbo, inakumaliza. Pika maharage, na mboga zifuate sokoni jioni, wachuuzi wanapofunga na bei imelegea.

Posho ikishasalimika, shika kikapu chao, na kabla mpiga picha hajasema tabasamu, ng'ata kila kilichomo, samaki mpitishie ulimi. Hakuna duka linalopokea papai lenye alama za meno.