Kidude cha Bi Zuhura

Mabira, Kyerwa

Mama Koku wangu,

Kwanza niambie: goti lako linakunja? Na yule mbuzi bado anakula migomba yangu? Mimi mzima, nimebakiza meno ya kutosha kutafuna ndizi. Sikupigii simu kwa sababu ukipokea unaweka sauti ya nje, na dada yako anasikiliza hata ninavyokohoa.

Unajua mapatano yangu na Bi Zuhura, huyu mwenye duka ninayemtunzia nyuki. Asali ni yake. Lakini kundi likihama lenyewe likaingia mzinga wangu mtupu, hilo ni langu, nililete nyumbani Kihanga tuanze ufugaji wetu kibanjani. Ndicho kilichonileta huku, si kelele zako. Si kelele zako peke yake.

Sasa, kahawa ilipochanua akaja na vidude, akatia kimoja kila mzinga. Kinasikiliza nyuki wanavyovuma, na wakikaribia kuhama kinampelekea ujumbe kwenye simu.

"Kinasikiliza nyuki tu?" nikamuuliza.

"Nyuki tu, mzee."

Sikumwamini. Nikakaa karibu na mzinga nikalalamika kwa sauti kwamba sukari anayoniletea haifiki hata chini ya kikombe. Kesho yake sukari ikaja! Tangu hapo nikipita pale nanyamaza kuliko kanisani.

Halafu nikaelewa ubaya wenyewe. Akijua mapema, atakuja kuugawa mzinga, nusu ya nyuki awahamishie mzinga wake mwingine, kabla kundi halijatoka, na mimi nitabaki na mzinga mtupu. Kidude kimenunuliwa kunizuia mimi, Mama Koku, si nyuki.

Juzi nyuki wa mzinga mkubwa wakaning'inia mlangoni kama ndevu. Nikachungulia ndani: vyumba vya kulelea malkia wapya vimeota kama karanga. Nikafunika kimya, nikaenda kuupaka mzinga wangu nta uwavute. Sijanawa mikono, pikipiki hiyo! Bi Zuhura kashuka na bomba la kufukizia nyuki moshi.

"Mzee, hawa wanataka kuhama."

"Nani kasema? Si wamepumzika tu hao?"

"Na mzinga wako mbona unanukia nta mpya?"

Nikaona nimtolee tu la moyoni. "Mama, unataka kula kundi langu."

Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Kundi la mwaka jana liliingia kwako? Si lilikwenda msituni, tukakosa wote? Leo tunagawa kabla hawajaruka. Nusu yako."

"Na sukari, kidude hakikukwambia?"

"Ya sukari kaniambia bodaboda. Unamlalamikia kila akipita!"

Tukagawa. Akasema nichague, mimi kwanza. Nikachukua upande wenye malkia mzee, niliyemwona kwa macho yangu, yeye akabaki na vile vyumba. Akakubali upesi mno. Mpaka leo sijui kwa nini, na nusu ya usingizi wangu imeishia hapo.

Jumamosi naja na nyuki wangu kwa gari la ndizi. Safisha mahali nyuma ya migomba, mbali na mbuzi. Nitakaa mpaka kahawa ivunwe. Bi Zuhura alitaka kunipa na kidude, eti tujue wakitaka kuhama. Nimekataa. Kwako wewe na dada yako, hakuna kitakachovuma bila kusikika mpaka kanisani.

Mama mkwe mpe shikamoo, mwambie bado sijafa. Koku, binti yetu, aniwekee lubisi, pombe yetu ya ndizi. Na wewe shemeji, dada mtu unayemsomea barua hii, usiruke mstari. Nitamuuliza.

Mumeo asiyedanganyika upesi,
Baba Koku