Lori Nililolikataa

Kidodi, Ijumaa

Shabani hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulikubaliana mbele ya mashahidi: mimi nichome shamba langu la miwa Jumatatu, tayari kwa kuvuna, yeye alete lori lake Jumanne kuipeleka kiwandani. Nikachoma. Lori akalipeleka kwa mwenye shamba kubwa; biashara huria hii, kila mtu anakimbilia penye pesa nyingi. Miwa ikishachomwa haisubiri. Yangu ilikaukia palepale.

Leo, baada ya miezi ya kesi, hakimu alikubali mahakamani kwamba mkataba umevunjwa. Nikapumua. Ndipo Shabani akainuka.

“Mheshimiwa, Jumatano dada huyu alipata lori jingine, akalikataa.”

“Ni kweli, mama?” hakimu akaniuliza.

Ni kweli. Hakimu akasema aliyevunjiwa mkataba naye lazima ajitahidi kupunguza hasara, kwa hiyo nitafidiwa hasara ya siku moja tu. Sina ugomvi naye. Sheria nimeielewa.

Lakini habari ya lori lile nilimwambia Shabani peke yake, Jumatano hiyohiyo, alipokuja kuniomba radhi na kuniahidi lori kesho yake. Nilikuwa nammiminia chai.

“Nimelikataa lori la watu,” nilimwambia, “kwa sababu tumeshaahidiana mimi na wewe.”

Akashukuru. Akaomba na sukari.