Nimemsema mkwe mwenzangu kwenye maombi, na kanisa zima likaitikia Amina

Mshauri, salamu utazikuta mwisho kama nafasi itabaki, maana kilichonijaa kifuani hakingojei salamu. Naomba msaada, tena naomba unijibu kabla ya Jumapili, na usiniambie "tulia mama", kwa sababu nimeshaambiwa tulia na kila mtu wa nyumba hii, akiwemo mkwe wangu ambaye neno hilo ndilo Kiswahili chake chote. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari, na simpi mtu aniandikie, wataanza kunilainishia maneno.

Binti yangu ni muuguzi. Alipata kazi ya mkataba katika nchi ya watu, akaolewa hukohuko na fundi wa mitambo ambaye naye ni mgeni, katoka nchi nyingine kabisa, wakazaa, wakaniita nije nilee. Nikaja. Sikuambiwa kwamba mama yake mwanamume naye ameitwa aje alee. Mtoto mmoja, mabibi wawili, jiko lenyewe upana wake kama kitanda, na mimi na huyo mwanamke hatuna lugha. Mimi katika lugha ya hapa najua "asante", "maji" na "ghali". Yeye anajua zaidi, maana alisoma, na anahakikisha unajua kwamba alisoma.

Mimi namwita Jenerali. Kila ninachofanya anakirudia. Nikiosha sahani, anazitoa kwenye kichanja anaziosha upya, mbele yangu, huku anatabasamu. Nikikunja nguo za mtoto, anazikunjua anazikunja kwa namna yake. Nikimfunga mjukuu mgongoni alale, anakuja taratibu nyuma yangu kama mwizi wa kuku, anamfungua, anamlaza kitandani. Mimi nimelea watoto sita na hakuna hata mmoja aliyeanguka mgongoni! Lakini hayo yote ningeyameza, mshauri. Kisichomezeka ni kwamba mtoto alipoanza kuita watu, wa kwanza kumwita alikuwa yeye. Alimwita bibi, kwa lugha yake Jenerali, na aliyekuwa amembeba siku hiyo ni mimi. Nilicheka na wenzangu, nikaenda bafuni nikafungua bomba.

Sasa kuna kanisa. Ni kanisa la wageni watupu, tunasalia katika ukumbi wa shule uliokodiwa, viti tunavipanga wenyewe na kuvikusanya wenyewe, na ukiingia wanakubandika kifuani karatasi yenye jina lako na nchi uliyotoka kama mzigo wa posta. Kila mara kuna anayeagwa mbele kwa sababu mkataba wake umekwisha, na kila mara kuna mpya anayepigiwa makofi. Kila mmoja kaja na dhehebu lake, kwa hiyo imani yao wameifanya fupi, iko kwenye bango moja mlangoni: Mungu mmoja, Kristo aliyekufa akafufuka, Maandiko, na kumpokea mgeni. Mengine, kama ubatizo wa kuzama au wa kunyunyiziwa, kama kupiga makofi au kunyamaza, wanasema kila mtu abaki na alivyolelewa. Binti yangu aliponisomea hayo nikasema hapa ndipo pangu, hapa hakuna wa kunirekebisha. Nikarudi nyumbani nikamkuta wa kunirekebisha kasimama kwenye sinki.

Kanisa hilo lina desturi. Kila Jumapili anaitwa mtu mmoja mbele, anaomba kwa lugha ya mama yake. Hakuna anayetafsiri. Mchungaji wa zamani ndiye aliyeianzisha, akasema Mungu anaelewa, sisi tuitikie. Basi mtu anaomba, watu wamefumba macho, hawaelewi neno, akimaliza wote wanasema Amina, maana hilo neno halihitaji mkalimani. Zamu yangu ikafika. Watu wa kwetu waliokuwa pale ni mume na mke tu, na mkataba wao ulikuwa umekwisha wakaondoka. Binti yangu Jumapili yuko zamu wodini. Nikasimama, nikatazama ukumbi mzima, nikaona hakuna hata sikio moja la kunielewa isipokuwa la Mungu.

Mshauri, nilifunguka.

Nilisema, "Ee Mungu uliyeitenga bahari, mtenge huyu mwanamke na sufuria zangu. Umwondolee ile sponji mkononi. Umpunguzie elimu kidogo, imemzidi. Na huyu mtoto, Baba, umfungue ulimi aniite na mimi." Nilikuwa nimefumba macho lakini mkono nimeunyoosha pale alipokaa Jenerali, maana naye husali hapohapo, sikukosea hata kiti. Nikalia. Watu wakalia. Kanisa zima likaitikia Amina, na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni Jenerali mwenyewe, akaja akanikumbatia, akanitilia biskuti mkononi.

Nilipona, sikufichi. Wiki ile nilimtazama anaosha sahani zangu upya nikawa naimba. Kwa hiyo kila zamu yangu ilipofika nilifanya hivyo hivyo, na waumini wakawa wananiomba. "Mama anaomba kwa nguvu," wanasema. Mtu wa sehemu nyingine kabisa ya dunia ananishika mkono ananiambia nimemgusa moyo, na nilichokuwa naomba ni habari za kichanja cha vyombo.

Ndipo mchungaji wa zamani naye akamaliza mkataba, akaja mpya. Siku yake ya kwanza, ikawa zamu yangu. Nikaomba. Siku hiyo nilikuwa na mengi, alikuwa ametupa mafuta yangu ya kupaka mtoto. Baada ya ibada nimesimama kwenye meza ya chai, nasikia nyuma yangu, "Shikamoo, bibi."

Nikajibu marahaba kabla akili haijafika. Nikageuka, ni mchungaji.

"Umejifunzia wapi wewe?" nikamuuliza, chai inanimwagikia vidole.

"Nimeishi na Waswahili nusu ya maisha yangu, bibi. Nimeozesha huko, nimezika huko."

"Na leo umesikia?"

"Nimesikia yote. Hata ile ya mafuta."

"Na uliitikia Amina?"

"Kidogo," akasema. "Niliishia njiani."

Kabla sijajua nilie au nikimbie, Jenerali ametuona tunaongea, kaja mbio na kikombe chake. Akamuuliza mchungaji kwa lugha ya hapa, na kwa alivyokuwa akinyoosha mkono kama mimi ninavyounyoosha, nilielewa bila kuelewa: anataka kujua huwa nasema nini juu yake. Mchungaji akanitazama mpaka nikahisi joto la masikio. Akamjibu, halafu akanigeukia, "Nimemwambia utamwambia mwenyewe, Jumapili ijayo baada ya ibada, nami nitakaa katikati nitafsiri. Bibi, sitakusemea, na sitakusengenya. Utakachokisema ndicho nitakachokifikisha."

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki. Jenerali kawaambia wote kwamba Jumapili anakwenda kusikia baraka zake. Mwanawe amesema atakuja. Jenerali ameshona kifungo cha gauni langu kilichokuwa kimekatika, bila kuombwa, na kakishona vizuri, jambo ambalo limenikera zaidi.

Basi swali langu ni hili. Mchungaji kasema atafikisha nitakachokisema. Je, nikisema nilikuwa namwombea afya, macho na magoti yake, si litakuwa neno langu, yeye atalifikisha, na uongo hautakuwa wake? Maana nikisema kweli, mwanamume atasimama na mama yake, binti yangu atabaki katikati, na mimi nitarudishwa kwetu na begi langu, na huyu mtoto atakua hanijui hata kwa sura. Mimi sikumwibia mtu. Nilimweleza Mungu shida zangu kwa lugha yangu, kama nilivyoambiwa. Kosa langu ni nini? Kumbe sasa hata Mungu ana mkalimani!

Salamu kwa watu wa gazeti.

Ni mimi, Bibi niliyechoka

JIBU

Shikamoo, bibi. Nakusalimia kwanza, maana nikishaanza sitarudi nyuma.

Pole. Naanza na pole kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili, na pale ulipofungua bomba bafuni niliiweka chini kidogo. Kumlea mtoto akamwita mwenzako ukiwa umembeba wewe ni jambo la kuuma, na hakuna aliyekupa pole kwa sababu hakuna uliyemwambia. Hizo ndizo pole zangu zote. Sasa kaa vizuri.

Unauliza kosa lako ni nini. Umemlalamikia Mungu, hilo ruksa, hata manabii walilalamika. Lakini ungeweza kumlalamikia chumbani na mlango umefungwa. Wewe ulipanda mbele ya watu waliokubali kuitikia wasichokielewa, kwa kuwa wanakuamini tu, ukachukua Amina zao ukazifanya mashahidi wa kesi ya sponji. Huyo mama ndiye uliyemdhulumu kuliko wote. Alikuwa anaitikia mashtaka yake mwenyewe, kisha anakupa biskuti. Bibi, na wewe ukaila?

Hiyo hila yako ya kusema ulimwombea magoti, iache leo. Eti uongo hautakuwa wa mchungaji! Mtumishi wa watu amekaa katikati yenu, anajua ukweli wote, wewe unamtumia kama ndoo ya kubebea maji machafu. Na ukifanikiwa ndipo utakapoumia, kwa sababu huyo mama atarudi nyumbani amefurahi, atakushonea na vifungo vingine, na kila kifungo kitakuchoma.

Usijifariji pia kwamba labda naye kwa lugha yake alikuwa anakusema. Nimeona hukuliandika, lakini najua limekupitia kichwani. Kama alikusema, hilo ni lake.

Unaogopa kurudishwa kwenu na begi. Nakuambia kitakachokurudisha: si ukweli, ni ukweli huo kutamkwa siku ambayo mwanawe amekuja na nguo za Jumapili kusikia baraka, mbele ya meza ya chai, watu wanakusanya viti huku wanawatazama. Hakuna mama wa kuvumilia hivyo. Wewe mwenyewe usingevumilia. Kwa hiyo, Jumapili hiyo isikukute hujasema.

Mpigie mchungaji simu kesho. Mwambie, "Mwanangu, njoo nyumbani Jumamosi, binti yangu akiwa kazini na mkwe wangu akiwa nje na mtoto." Binti yako asitafsiri hata neno moja, usimweke mtoto wako kati ya mama yake na mama mkwe wake. Mkae jikoni watatu. Kama hamtoshi, mchungaji asimame mlangoni. Usianze na sahani. Ukianza na sahani mtafika usiku mnabishana habari za sabuni. Anza na lile la bafuni. Mwambie mtoto alipomwita yeye wewe ulilia, na kwamba tangu hapo kila alichokigusa kilikuwa kinakuudhi, na hasira hiyo ukaipeleka madhabahuni. Kisha mwambie ulichosema, pamoja na bahari na sponji. Usiongeze, usipunguze. Mwombe radhi, halafu unyamaze, hata kama kunyamaza ni kazi usiyoizoea.

Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na safari hii utaelewa anachokasirikia. Huenda na yeye atakuwa na ya kwake, na mchungaji atakutafsiria, nawe utayasikiliza yote bila kumkata. Anaweza kwenda kwa mwanawe. Mtangulie: mchungaji asiondoke, na mkwe wako akirudi, wewe ndiye umwambie, yeye atafsiri. Mwanamume anayemsikia mama mkwe wake akikiri kosa hamfungii begi mtu huyo. Anakwenda kumtafuta mke wake, waulizane wamewaweka vipi mama zao wawili katika jiko la upana wa kitanda bila hata neno moja la pamoja. Hilo nalo walipaswa kulifikiria wao, na kama wanasoma hapa, ninyi wawili, aibu yenu.

Sahani mwachie aoshe upya. Huko kwao huenda ndivyo walivyolelewa, na bango lenu la mlangoni limeshaamua habari hiyo, kila mtu abaki na alivyolelewa. Wakati mikono yake imejaa povu, ya kwako haina kazi. Mchukue mjukuu, mketi, umwambie "bibi" mpaka achoke akurudishie. Mtoto ana nafasi ya kuita wawili.

Na kamwambie mchungaji akuondoe kwenye zamu ya maombi kwanza, mpaka huyo mama mwenyewe atakaposema urudishwe. Siku ukirudi, mchungaji atafsiri mstari kwa mstari. Utapata tabu, sala itakuwa fupi, watu watauliza zile nguvu zimekwenda wapi. Waache waulize.

Jumamosi, bibi. Jumapili huyo mama akisema Amina, awe anajua anaitikia nini.