Kamera ya Kumnasa Mama Akicheka

Nunguni, Jumamosi, Agosti 1984

La, bado sijaamua. Kamera kubwa iliyo dukani kwa Mutuku humwezesha mpigaji kuona kupitia lenzi yenyewe. Kinachoonekana ndicho kitakachotoka. Lakini ni nzito, na ni sharti uzungushe pete yake mpaka sura itulie. Ile ndogo ni nyepesi na ya haraka, ila huchunguliwa kupitia kidirisha cha pembeni, na mara nyingi hukata watu vichwa au kutoa picha yenye ukungu.

"Karani, unanunua kamera ama ng'ombe?" Mutuku aliniuliza mbele ya wateja. "Umeigeuzageuza tangu asubuhi!"

Hajui kwamba ninatafuta picha moja tu: mama akicheka.

Meno yake yalichongwa alipokuwa msichana, kama ulivyokuwa urembo wetu Wakamba. Tangu vijana wa kwaya wamcheke, hucheka akiwa amefunika kinywa kwa leso. Kamera kubwa itachelewa. Ile ndogo itamwahi, lakini huenda ikatoa ukungu badala ya mama.

Jioni nilimweleza haya yote kwa utaratibu, tukiwa jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, kwani ni lazima univizie kama kuku? Niambie tu siku, nitaweka leso kando."

Kisha akacheka, kinywa wazi, meno yote yakimulikwa na moto.

Sasa ninaweza kununua ile kubwa bila wasiwasi. Lakini kicheko cha leo, ambacho hakuna aliyekiomba, kimekwenda, nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.